Niliandika Barua za Wengine, Kisha Nikapokea Yangu



Nakuandikia wewe uliyepunguzwa kazi na hujui utaanzaje kusema nyumbani. Nakuandikia na wewe mwenye uzoefu wa miaka mingi, ambaye kila ukipeleka maombi unaambiwa cheti chako hakitoshi. Sina hekima kubwa ya kukupa. Nina niliyoyapitia tu, na Mungu aliyenivusha.

Nilisoma Mzumbe, enzi zile chuo kikiitwa IDM. Nilimaliza mwaka 1999 na stashahada ya juu ya utawala. Wakati huo ilikuwa elimu ya heshima na ofisi nyingi zilituchukua bila maswali. Mwaka 2001 chuo kikawa chuo kikuu, na waliotufuata wakaanza kutoka na shahada. Mimi nilikuwa nimeshaingia kazini, nina mtoto mgongoni, na hakuna aliyeniuliza habari za shahada.

Kazi yenyewe ilikuwa kiwandani, hapahapa Morogoro. Nilianza na masjala, nikapanda polepole hadi nikawa afisa rasilimali watu. Mikataba, likizo, nidhamu, michango ya hifadhi ya jamii, hata sanda na usafiri mfanyakazi anapofiwa, vyote vilipita mezani kwangu. Nilijua nani ana mgonjwa nyumbani na nani ana madeni. Niliipenda kazi ile.

Mwishoni mwa 2018 kiwanda kikayumba. Uongozi ukaamua kupunguza watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, kisha akae na wafanyakazi au chama chao wajadiliane kama kuna namna ya kuepuka, na kama haipo, nani aondoke na kwa malipo gani. Vikao vilifanyika. Orodha ikatoka. Kuandika barua ikawa kazi yangu.

Niliwaita mmoja mmoja. Nilikuwa na utaratibu wangu. Namkaribisha mtu akae, nafunga mlango, namsomea hesabu yake mstari kwa mstari: mshahara wa siku alizofanya, likizo ambayo hajachukua, notisi ya siku 28, na kiinua mgongo, yaani siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka kumi. Nasubiri aulize. Na sikumwita mtu siku ya Ijumaa. Ukimpa mtu barua Ijumaa atakaa nayo Jumamosi na Jumapili, ofisi zimefungwa, hana wa kumuuliza.

Yangu nilipewa Ijumaa.

Ilikuwa jioni. Nilijua kila neno lililomo kabla sijaifungua bahasha, maana nilikuwa nimeyaandika mwenyewe kwa majina ya wengine. Nilichukua kikokotoo nikapiga hesabu yangu. Siku sabini. Nilikuwa nimekaa pale zaidi ya miaka kumi na mitano, lakini sheria inahesabu kumi. Nikasaini. Nikaaga mlinzi getini kama siku zote.

Nyumbani mume wangu alinisikiliza hadi mwisho. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Akasema tutakula tulichonacho. Niliamini kwamba ndani ya miezi michache nitakuwa nimepata kazi nyingine. Nani asingemtaka mtu mwenye uzoefu wangu?

Ndugu msomaji, hawakunitaka. Matangazo yote yalianza na maneno yaleyale: awe na shahada ya rasilimali watu au inayolingana nayo. Mahali pengine maombi yanatumwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Unajaza, unafika kwenye sehemu ya elimu, huna cha kuweka mahali pa shahada, na safari inaishia hapo. Siku moja niliamua kwenda mwenyewe kwenye ofisi moja, nikiwa na bahasha yangu ya vyeti. Kijana aliyenipokea alinisalimu, "Shikamoo, mama." Nilimtambua. Alikuwa amefanya mafunzo kwa vitendo chini yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kufungua faili la mfanyakazi. Akaviangalia vyeti vyangu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama, mimi kazi yako naijua," akasema. "Ila jina lako halitapita bila shahada."

Alisema kwa upole. Nadhani upole ule ndio ulionimaliza.

Nilirudi nyumbani. Nikalala na nguo za ofisini. Asubuhi sikuamka. Kesho yake pia.

Presha ilipanda. Mafao ya kukosa ajira yalikuwa yamekwisha. Kiinua mgongo kilikuwa kimeingia kwenye ada ya binti yetu na kwenye deni la mabati. Usiku nilihesabu. Nahesabu unga, nahesabu umeme, nahesabu nauli. Nikimaliza naanza upya. Sikuweza kusali. Nilishika rozari tu. Nilikaa nayo mkononi, kimya. Nilimsikia mume wangu akigeuka kitandani, nikajifanya nimelala. Kuna usiku nilitamani kusipambazuke. Naandika hili nikiwa nimeshapona, na bado vidole vinakuwa vizito.

Kama uko hapo sasa, sikuambii utoke leo. Nakuambia mwambie mtu mmoja. Mimi nilimwambia mume wangu, gizani. Hakunipa mahubiri. Kulipokucha akanipeleka hospitali, kisha akampigia simu mama yangu.

Mama alishuka kutoka Mgeta, milimani, na gari la mboga. Watu wa jumuiya yetu ya parokia nao walikuwa wamesikia. Jumamosi alfajiri wakahamishia sala kwetu bila kuuliza. Walisali na kuimba, na walipoondoka nilikuta jikoni kuna mchele, sukari na mafuta ambavyo hatukununua. Mama alikaa nasi. Jioni moja, akimenya njegere, akaniuliza, "Kwani umeambiwa hujui kazi?" Nikasema hapana, wanataka karatasi. Akasema, "Basi kaitafute hiyo karatasi. Wewe shule hujawahi kuiogopa."

Nilikuwa naiogopa. Sikumwambia.

Tulianza na genge mbele ya nyumba. Mama anatuma kabichi, karoti na njegere kutoka mlimani, mimi nauza. Siku moja akaja mteja ambaye nilimfahamu vizuri. Alikuwa mmoja wa wale niliowapa barua. Nikainama kama ninayepanga nyanya. Akachagua fungu lake, akalipa, kisha akasema, "Pole, mama. Wewe ulinisomea hesabu yangu mstari kwa mstari. Nilitoka pale najua nadai nini." Akaondoka zake. Nilikaa na maneno yale wiki nzima. Kumbe kuna kitu nilikijua ambacho barua ya kupunguzwa haikuweza kuniondolea.

Muda si mrefu mwenzangu niliyesoma naye Mzumbe akanipigia simu. Nilipomweleza, akashangaa kwamba nilidhani stashahada yangu ya juu imekufa. Akaniambia kuna njia: stashahada ya uzamili, ile ambayo wengi huiita PGD. Ni masomo ya mwaka mmoja hivi, yanayomvusha mtu aliyekwishafanya kazi, au aliyesomea fani nyingine, hadi kwenye shahada ya uzamili ya rasilimali watu. Akanisisitizia jambo moja: nihakikishe programu yenyewe inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu kabla sijalipa hata shilingi. Nilikwenda chuoni na vyeti vyangu halisi na hati ya utumishi kutoka kiwandani. Afisa udahili alisoma yote, akasema hii stashahada ya juu pamoja na uzoefu huu vinatosha kuanza. Nilimwomba arudie.

Ada haikuwepo. Mume wangu akakopa kwenye SACCOS ya walimu. Kaka zangu wakaweka mchango kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kama tunavyochangiana harusi na misiba. Mwishoni mwa 2019 nikaingia darasani. Masomo yalikuwa jioni, genge likiwa limefungwa. Wengi walikuwa na umri ambao ningeweza kuwazaa, na waliniita mama kuanzia siku ya kwanza. Waliandika kwa kompyuta haraka kuliko nilivyoweza kusoma. Kwenye nadharia nilijikongoja. Kwenye takwimu nikazama. Jaribio la kwanza nilipata alama ambayo sikumwonyesha mtu, na ile hofu ya usiku ikarudi. Ada ya watu. Mkopo wa mume wangu. Nikifeli je?

Machi 2020 vyuo na shule vikafungwa kwa sababu ya korona. Binti yangu akarudi kutoka bweni. Alikuwa kidato cha sita, anasoma uchumi, jiografia na hisabati. Akaniona na daftari la takwimu nikilia. Akalichukua. Nyuma ya kalenda ya parokia akaandika mishahara ya watu kumi: tisa wanapata laki mbili kila mmoja, wa kumi anapata milioni mbili na laki mbili.

"Jumlisha, gawa kwa kumi," akasema.

Nikapata laki nne.

"Sasa nionyeshe mtu anayepata laki nne."

Hakuna. Akanionyesha kwamba ukiwapanga kuanzia wa chini hadi wa juu, wawili wa katikati wanapata laki mbili kila mmoja, na hiyo ndiyo hali halisi ya watu wale. Nilikaa nikaitazama ile kalenda. Miaka yote kiwandani wafanyakazi walikuwa wakiguna uongozi ukiwasomea wastani wa mishahara, na nilidhani wanaguna kwa ubishi. Kuanzia siku hiyo kila hesabu niliyopewa niliivisha sura za watu ninaowajua, na takwimu zikafunguka. Vyuo na kidato cha sita vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, mimi na binti yangu tuliondoka nyumbani siku ileile, kila mtu na madaftari yake.

Muhula uliofuata tulifika kwenye sheria za kazi. Mhadhiri akauliza kama kuna aliyewahi kusimamia upunguzaji wa wafanyakazi. Nikanyoosha mkono, mwingine sikuuona. Akaniita mbele. Niliwaeleza mashauriano yanavyokwenda, kwa nini kigezo cha aliyeingia mwisho kutoka kwanza hakitoshi peke yake, na hesabu ya malipo inavyopigwa. Kisha kijana mmoja akauliza, "Mama, unamwambiaje mtu?" Nikawaambia habari ya mlango kufungwa, ya kusoma mstari kwa mstari, ya kutokumwita mtu Ijumaa. Waliandika. Kwa mara ya kwanza tangu nipewe barua, miaka yangu ya kazi ilikuwa somo, na wenye shahada walikuwa wakiiandika. Wao walinifundisha kompyuta, mimi nikawafundisha kazi. Hivyo ndivyo tulivyomaliza.

Nilifaulu PGD, nikaendelea na shahada ya uzamili. Tasnifu niliandika juu ya kilichowapata wafanyakazi waliopunguzwa viwandani. Niliwahoji watu, na baadhi yao walilia mbele yangu. Nilizima kinasa sauti nikasubiri. Siku ya mahafali mama alivaa kitenge kipya, akapiga vigelegele hadi akakaukiwa sauti. Leo nimeajiriwa tena, katika shirika jingine, kwenye kazi ileile niliyoipenda.

Sitakudanganya kwamba hofu imeisha. Mkuu wangu akiniita ofisini Ijumaa jioni, hata kama ni kwa ajili ya ratiba ya likizo, miguu inalegea. Bado nahesabu usiku mara moja moja. Nimejifunza kuamka, kunywa maji, kusali fungu moja na kurudi kulala.

Kwa hiyo wewe mwenye barua mkononi, nakuomba haya. Isome na mtu anayejua, na kagua kila mstari wa hesabu. Ukiona umeachishwa isivyo halali, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Usiziache zikapita ukiwa umelala kama mimi nilivyolala. Dai hati yako ya utumishi, ni haki yako kisheria, na kesho inaweza kuwa ndiyo itakayokufungulia mlango wa chuo. Toa vyeti vyako vya zamani sandukuni, uende navyo chuoni ukaulize vinakufikisha wapi. Usijijibu mwenyewe kabla hujauliza. Na watu wakija kukusalia, wafungulie mlango hata kama nyumba haijafagiliwa.

Nakuombea wewe ambaye sikujui. Nami niombee.