Karatina: Mji Uliojengwa kwa Viazi na Kabichi

Msomaji, huenda hujawahi kukanyaga Karatina, lakini ikiwa unaishi Nairobi, bila shaka umekwisha kula mazao yake. Viazi, kabichi na karoti za huko husafiri usiku kwa malori, na kunapopambazuka ziko Marikiti zikigombaniwa na wachuuzi.

Mji wenyewe uko Mathira, katika kaunti ya Nyeri. Ukitoka Nairobi utapita Thika hadi Makutano, ambapo barabara ya kwenda Mwea na Embu hukata mkono wa kulia. Wewe endelea mbele. Ukishavuka mto Sagana, gari litaanza kupanda na utahisi hewa ikibadilika. Udongo ni mwekundu kama damu ya mzee, na mikahawa imejipanga kwenye miteremko. Juu zaidi, karibu na msitu, kahawa huachia nafasi majani chai.

Usitarajie majumba ya fahari. Kinachowavuta watu hapa ni soko, ambalo kwa miaka mingi limehesabiwa miongoni mwa masoko makubwa ya nchi. Akina mama hushuka kutoka vijijini na viondo mgongoni, mikokoteni hukupigia miluzi upishe, na anayetafuta mitumba hujikuta amenunua nduma pia. Jifunze kupatana bei. Ukilipa ile ya kwanza unayotajiwa, utachekwa kwa heshima.

Reli ndiyo iliyoufungua mji huu. Iliponyoshwa kutoka Thika ilifika Kiganjo mwaka 1927, ikaingia Nanyuki mwaka 1930, na Karatina ikawa njiani. Nia ya wakoloni ilikuwa kuwahudumia walowezi wenye mashamba makubwa upande wa Nanyuki, lakini wakulima wadogo wa Mathira nao waliona kwamba treni haichagui gunia la nani.

Ndipo vikaja Vita Vikuu vya Pili. Jeshi lilihitaji chakula kisichooza njiani, basi serikali ikaweka Karatina kiwanda cha kukausha mboga. Fikiria, msomaji: mkulima mwenye kishamba kidogo anavuna, anapeleka mazao kiwandani, analipwa, na mboga yake inaliwa na askari walio mbali. Watu walizoea kushika pesa. Vita vilipokwisha, wakulima walitaka kiwanda kiendelee, tena kikiwa mikononi mwao. Serikali haikukubali, kikafungwa. Uchungu wa kiwanda hicho ulichanganyika na ule wa ardhi, na haishangazi kwamba miaka michache baadaye vijana wengi wa Mathira waliingia msituni.

Miongoni mwa walioingia msituni alikuwa Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China. Alikuwa amepigana Burma chini ya bendera ya Mwingereza, kisha akarudi na kuwaongoza wapiganaji wa Mau Mau wa Mlima Kenya hadi alipojeruhiwa na kukamatwa Januari 1954.

Mwingine hakushika bunduki bali kalamu. Gakaara wa Wanjau, mwana wa mchungaji, alitiwa kizuizini mwaka 1952 kwa sababu ya maandishi yake. Huko aliandika kumbukumbu zake kwa siri. Alipoachiliwa alikuja kuendesha matbaa papa hapa Karatina, akichapisha vitabu na jarida kwa Kigikuyu. Kitabu cha kumbukumbu hizo kilitoka mwaka 1983, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Noma, iliyokuwa ikitolewa kwa vitabu bora vya Afrika. Mwanafunzi anayedhani vitabu hutoka miji mikubwa tu na alifikirie hilo. Gakaara alifariki mwaka 2001.

Karibu na mji kuna kilima cha Tumutumu, ambako wamisionari wa Kanisa la Scotland walianza kazi mwaka 1908. Hospitali na shule walizoanzisha zipo hadi leo. Karatina nayo ina chuo kikuu chake, kilichopewa hati mwaka 2013.

Je, wakulima? Viazi bado huondoka vikiwa vibichi, na dalali wa lori ndiye mwenye sauti. Muulize mkulima yeyote kuhusu lumbesa, lile gunia lililoongezewa kichwa hadi mtu mmoja hawezi kulibeba, huku bei ikibaki ya gunia moja. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50, lakini kanuni haisimami shambani siku ya mavuno. Kama kiwanda kile kingebaki, huenda mazungumzo haya yangekuwa mengine.

Ukienda na watoto, ondokeni Nairobi kabla ya mapambazuko. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, huonekana vyema asubuhi, na kufikia saa nne mawingu mara nyingi yamekwisha kuufunika. Beba sweta, hasa Julai. Na kikapu kitupu.