Kabla Hujamuandikia Staa "Utazaa Lini?"

Niko Uingereza nasoma masters ya embriolojia, yaani sayansi ya kiinitete cha binadamu. Shangazi anawaambia watu nasomea "watoto wa chupa". Poa tu, ila kwenye kile kichupa hakuna mtoto. Kuna yai la kama milimita 0.1 na mbegu za kiume, vinatunzwa kwenye joto la nyuzi 37. Wakikutana, inasubiriwa mpaka siku 5 ndipo kiinitete kipandikizwe. Vingi vinagoma njiani, na hakuna wa kulaumiwa.

Ndiyo maana yule dada wa Bongo Movie akiandamwa na "utazaa lini?" huku mumewe anapigiwa makofi, roho inaniuma. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia ugumba maishani. Mtu jamani, siyo mwanamke! Mara nyingi hadubini inaonyesha mbegu za baba ni chache, au haziogelei vizuri.

Kaka zangu, kipimo chenu cha kwanza ni kikombe kidogo tu. Dada anachomwa sindano kila siku, na matusi juu. Nendeni wote wawili. Au mnasemaje?