Muhuri na Stakabadhi: Kumbukumbu za Vyama vya Udugu Makadara

Msafiri atokaye katikati ya Nairobi kuelekea mashariki kwa Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm Road, hupita kando ya mitaa ya Makadara: Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Maringo na Jericho. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na hata leo ukumbi wake ni maarufu, kwa maana humo ndimo watu walimokutana kuzungumza siasa katika siku za ukoloni. Lakini siasa haikuwa shughuli pekee ya mitaa hii. Vyama vya udugu navyo vilikusanyika, kila kimoja na mwenyekiti wake, karani wake na mtunza hazina wake.

Sababu ya vyama hivyo yafahamika kwa urahisi. Mtu aliyetoka Nyanza au Ukambani kufanya kazi ya reli, kiwandani au ofisini, aliishi mbali na jamaa zake. Akifiwa, nani angemsaidia? Akifa yeye, nani angeufikisha mwili wake nyumbani? Chama kilishika mahali pa ukoo. Tena kilikuwa ukoo wa namna mpya, maana mwanachama alimpa shilingi yake mtu ambaye pengine hakumjua baba yake wala kijiji chake.

Hapo ndipo karatasi ilipopata heshima yake. Barua ya chama iliandikwa kwenye karatasi yenye jina la chama na nambari ya sanduku la posta, na chini ikapigwa muhuri. Stakabadhi nayo ilikuwa na nambari. Nusu alipewa mlipaji, na kishina kikabaki kitabuni ili hesabu ikaguliwe. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuutambua muhuri, naye ajuaye kusoma aliweza kumwuliza mtunza hazina: nambari hii iko wapi katika daftari lako?

Desturi ya udugu kuwa na alama zake si ya Afrika peke yake. Freemasons, ambao Wazungu waliwaleta Nairobi, hutumia bikari na guniya, vyombo vya mwashi, ili kumkumbusha mwanachama kuunyosha mwenendo wake. Vyama vya Makadara havikuwa na siri za namna hiyo. Alama zao zilikuwa za kumwambia kila mtu jambo lililo wazi. Wito wa Luo Union ulikuwa “Riwruok e Teko”, yaani umoja ni nguvu, na mkuu wake aliitwa Ker, jina la heshima katika Kijaluo.

Nguvu hiyo haikuwa maneno matupu. Mwaka 1953 Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na mmoja wa viongozi wa Luo Union, aliuawa katika siku za Hali ya Hatari. Wanachama wakachanga fedha, na Ukumbi wa Ukumbusho wa Ofafa ukajengwa Kisumu. Huko Nairobi jina lake likapewa mitaa ya Ofafa Maringo na Ofafa Jericho. Ukumbi wa mawe ulijengwa kwa vipande vya karatasi, maana mchango wa mtu wa mbali haufiki pasipo hesabu ya kuaminika.

Serikali nayo iliviangalia vyama kwa macho mawili. Sheria ya vyama ya mwaka 1952, na ile ya mwaka 1968 iliyofuata baada ya Uhuru, ziliviweka chini ya usimamizi wa Msajili. Ndipo mwaka 1980 Rais Daniel arap Moi akaamuru vyama vya kikabila vivunjwe. Majina yakafutwa upesi. Abaluhya, timu ya mpira, ikawa AFC Leopards, na timu ya Luo Union ikawa Re-Union. Mashabiki hawakuziacha timu zao, na hata leo Leopards huitwa Ingwe, yaani chui.

Jina la chama laweza kufutwa kwa amri ya siku moja, lakini karatasi hukaa sandukuni miaka mingi. Sasa mitaa ya Eastlands imo katika mipango ya kujengwa upya, na familia zihamapo hutupa mabunda ya barua na vitabu vya stakabadhi kama takataka. Huo ni upotevu mkubwa. Kishina kimoja chaonyesha nani alilipa na lini, nacho ni ushahidi kwamba watu wa kipato kidogo waliweza kutunza fedha za wenzao kwa uaminifu. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, iliyoanzishwa mwaka 1965, iko Moi Avenue, mwendo mfupi kutoka Makadara. Mwenye sanduku la baba yake na alifungue kabla ya kulitupa, autazame muhuri, kisha aulize habari zake kwa wazee wangali hai.