Bakteria na Mbolea Katika Shamba la Mahindi

Siku hizi mtu akipita katika maduka ya pembejeo ya mjini Nairobi, hasa yale ya River Road na mitaa iliyo karibu nayo, atasikia wakulima wakiulizana swali moja. Wanauliza, je, mkulima wa mahindi akinunua bakteria wa shambani, aweza kuacha kununua mbolea ya dukani? Nataka kulijibu swali hilo kwa kadiri ya yale niliyoyasoma na kuyaona, maana wako watu wanaolijibu kwa haraka, na jibu la haraka laweza kumpotezea mkulima mavuno ya mwaka mzima.

Mimi ni karani. Mchana nafanya kazi katika ofisi moja karibu na Kenyatta Avenue, na jioni napanda matatu kurudi upande wa Uthiru, ambako tuna shamba dogo lisilofika nusu eka. Wasomaji wengi wa huku magharibi, tangu Dagoretti hata Kabete na Kikuyu, wana mashamba ya namna hiyo, yaliyogawanywa kutoka kwa babu kwenda kwa baba na kutoka kwa baba kwenda kwa wana. Shamba kama hilo halimtajirishi mtu, lakini likitoa mahindi ya kutosha, mshahara hupata nafasi ya kulipa karo. Lisipotoa, unga hununuliwa kwa fedha zile zile za karo.

Twakumbuka wote jinsi bei ya mbolea ilivyopanda katika mwaka 2022, hata gunia la kilo 50 la DAP likapita shilingi 6,000. Mwezi wa Septemba mwaka huo Serikali ilitoa mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 bei hiyo ikashushwa hadi shilingi 2,500. Hata hivyo hofu ya mwaka ule haikutoka mioyoni mwa watu. Ndiyo sababu mtu akija na chupa akasema, "Humu mna bakteria, nao watafanya kazi yote ya mbolea," husikilizwa upesi.

Jirani yangu mmoja, mama mjane, aliambiwa maneno hayo na mchuuzi. Fedha alizokuwa nazo zilitosha kununua kitu kimoja tu, ama mbolea ama ile chupa. Akaja kwangu akasema, "Mwanangu, wewe unashinda na karatasi, hebu nisomee maandishi haya." Nilisoma. Chupa ilisifiwa sana, lakini haikutaja jina la bakteria waliomo, wala idadi yao, wala siku ya mwisho ya kutumiwa. Nikamwambia kwamba bakteria ni viumbe hai, na mtu hanunui kuku ndani ya gunia lililofungwa bila kujua kama yu hai au amekufa. Kisha nikamweleza mambo haya ambayo sasa nawaeleza ninyi.

Chakula ambacho mahindi hukihitaji kwa wingi ni naitrojeni. Hewa iliyo juu ya shamba lako, karibu sehemu nne katika tano, ni naitrojeni. Lakini mhindi hauwezi kuila hewa hiyo, kama vile mwenye kiu hawezi kunywa maji ya bahari. Ziko njia mbili kubwa za kuigeuza iwe chakula cha mimea. Njia moja ni ya kiwanda. Bwana Fritz Haber wa Ujerumani aliionyesha mwaka 1909, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kikafunguliwa huko Oppau. Kazi hiyo yataka joto kali na nguvu nyingi za kusukuma, na kwa sababu hiyo bei ya mbolea hufuata bei ya gesi na mafuta duniani. Njia ya pili ni ya bakteria, ambao wameifanya kazi hiyo kimya kimya ardhini tangu zamani kabla ya binadamu kulima.

Katika miaka ya 1880 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walithibitisha kwamba vile vinundu vidogo katika mizizi ya kunde na jamaa zake ndivyo vinavyoipatia mimea hiyo naitrojeni ya hewa. Mwaka 1888 Bwana Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe na kuwakuza. Bakteria hao huitwa rizobia. Maharagwe huwapa nyumba na sukari, nao huyalipa maharagwe kwa naitrojeni.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wakisikia kwamba bakteria hulisha maharagwe, hudhani kwamba watalisha mahindi vivyo hivyo. Lakini mhindi hauna vinundu. Bakteria wanaousaidia, kama wale waitwao Azospirillum, hukaa juu ya mizizi na pembeni mwake, na naitrojeni wanayoitoa hewani ni kidogo tu. Msaada wao mkubwa ni kwamba hutoa vitu vinavyoichochea mizizi itoe matawi na vinyweleo vingi. Mzizi ulioenea hukusanya maji na mbolea kuliko mzizi mfupi. Basi msomaji aone mwenyewe: bakteria hao huongeza mikono ya kukusanya, lakini kama shambani hakuna kitu cha kukusanywa, mikono mingi itafaa nini?

Vilevile kuna fosforasi. Hiyo haitoki hewani, na hakuna bakteria awezaye kuiumba. Udongo wetu mwekundu wa Kabete huishika sana fosforasi hata mimea isiipate. Wako bakteria wanaotoa asidi hafifu na kuifungua kidogo, nao ni wa kufaa, lakini ghala iliyokwisha haijazwi na mwenye ufunguo.

Nchi iliyokwenda mbele sana katika mambo haya ni Brazili. Huko Bibi Johanna Döbereiner, aliyefariki mwaka 2000, alitumia maisha yake kuwachunguza bakteria wa mizizi ya nyasi na nafaka. Baada yake Bibi Mariangela Hungria aliendeleza kazi, na mwaka 2025 akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Wakulima wa mahindi wa Brazili hupaka mbegu bakteria wa Azospirillum, na wataalamu wao huwaambia kwamba waweza kupunguza mbolea ya kukuzia kwa kadiri ya robo. Tulitazame neno hilo vizuri. Hawakuambiwa waache mbolea. Waliambiwa wapunguze robo.

Hatuna haja ya kwenda mbali ili tupate ushahidi wetu. Hapa Kabete, katika maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo, kuna shamba la majaribio lililoanzishwa mwaka 1976 ili kupima mahindi na maharagwe msimu baada ya msimu. Sehemu zilizopata mbolea ya dukani pamoja na samadi ndizo zilizodumu na nguvu kuliko zilizopata mbolea ya dukani peke yake, na zile zisizopata kitu zilichakaa. Samadi ni chakula na makao ya bakteria wa udongo. Tena, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Upper Kabete, wataalamu wametengeneza rizobia wa maharagwe na soya waitwao Biofix, waliochanganywa na masalio ya viwanda vya sukari. Baadaye kampuni ya MEA ya Nakuru ilipewa ruhusa ya kuwatengeneza kwa biashara.

Tangu mwaka 2009 wachunguzi walipima dawa za namna hii zaidi ya 100 zilizokuwa zikiuzwa au kuletwa Kenya, Nigeria na Ethiopia. Nyingi hazikumletea mkulima faida. Zilizoonyesha faida ya hakika zaidi zilikuwa rizobia wa mimea ya jamii ya kunde. Kwa hiyo, kwa mkulima mdogo wa mahindi, njia ya bakteria iliyo salama zaidi leo hupitia kwenye maharagwe au soya.

Njia yenyewe ni hii. Wakati wa vuli panda maharagwe au soya iliyopakwa rizobia wa aina yake, maana rizobia wa soya hawafai maharagwe. Lowesha mbegu kidogo kwa maji yenye gundi inayokuja na pakiti, changanya kivulini, kisha panda siku ile ile katika udongo wenye unyevu, kwa sababu jua huwaua. Usitumie mbegu iliyotiwa dawa ya kuua vimelea. Weka mbolea yenye fosforasi, lakini usizidishe naitrojeni, maana mmea ulioshiba hauwaiti bakteria. Maua yakianza kutoka, chimbua mmea mmoja polepole na upasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi. Baada ya kuvuna, rudisha majani na mabua shambani. Anayeyabeba yote kwenda kulisha ng'ombe asiporudisha samadi, ameibeba naitrojeni yake pia. Masika yakija, panda mahindi mahali hapo kwa samadi na mbolea ya kupandia, kisha utazame rangi ya majani kabla ya kuamua kiasi cha mbolea ya kukuzia.

Mwenzangu mmoja wa ofisini hupinga akisema kwamba mbolea ya dukani huua udongo, heri iachwe kabisa. Neno lake lina ukweli kidogo. DAP ikitiwa miaka mingi peke yake huongeza ukali wa udongo, na rizobia hawaupendi ukali. Lakini dawa ya ukali ni chokaa na samadi, baada ya udongo kupimwa. Kumnyima mhindi chakula si dawa.

Yule mama hakununua chupa. Alinunua mbolea kwa ajili ya masika, na vuli iliyofuata akatafuta pakiti ya rizobia kwa maharagwe yake. Siku tulipochimbua mmea, vinundu vilikuwa vyekundu. Akaviangalia sana, akasema, "Kumbe nina vibarua ambao sijawahi kuwaona."

Basi, ndugu mkulima, ukitaka kujaribu bakteria wa mahindi, usizuiwe na mtu, lakini jaribu kwa hesabu. Tenga mistari michache upande mmoja wa shamba: mingine uitie mbolea peke yake, mingine bakteria peke yao, mingine vyote viwili, na mingine usiitie kitu. Siku ya kuvuna pima kila sehemu kwa debe moja, uandike katika daftari. Na kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji bakteria ni wa aina gani, wamewekwa wapi mbali na joto, na mwisho wao ni lini. Asiyeweza kujibu hayo, mwachie chupa yake, nawe ukanunue mbolea ya shamba lako.