Daftari la Mama wa Duka

Leo nitaandika kirefu kidogo. Kuna sehemu nilitaka kuiruka, lakini mke wangu amesoma kwanza akaniambia nisiiruke.

Jumamosi mbili zilizopita tulitoka kwa uinjilisti wa nyumba kwa nyumba hapa mtaani kwetu Nakuru. Unajua tunavyotoka. Tulianza na maombi saa mbili asubuhi, tukapewa trakti, tukagawanyika watatu watatu. Kundi langu lilikuwa na shemasi mmoja na binti wa kidato cha tatu ambaye hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Nilimwambia atazame tu ninavyofanya milango mitatu ya kwanza, mlango wa nne ataongea yeye.

Mlango wa tatu ulifunguliwa na mama mmoja, leso kiunoni, mwiko mkononi. Nilimtambua kabla hajasema neno. Ni yule mama mwenye duka karibu na kanisa. Sikujua anaishi hapo. Miaka yote nimemjua kama mtu wa duka tu, kana kwamba usiku hulala kwenye rafu.

Akatukaribisha, akampangusia yule binti kiti. Nikafungua Biblia nikaanza. Niliongea vizuri, sitasema uongo. Nilimweleza upendo wa Mungu, nikamweleza msalaba, na mama akasikiliza bila kutazama simu hata mara moja, jambo ambalo nyinyi washirika wangu hamnifanyii. Nilipomaliza nikamuuliza kama angependa kumpokea Yesu siku hiyo. Akaweka mwiko mezani, akasema kwa upole kabisa:

"Pasta, nimesikia. Na huwa nasikia kila Jumapili, spika zenu zinafika mpaka dukani. Sasa ile mikate ya mkesha?"

Acha nikueleze hiyo mikate. Tarehe 31 Desemba, mkesha wa kufunga mwaka, watu walikuja wengi kuliko tulivyopanga. Saa tano usiku chai ikaisha. Nikamtuma shemasi dukani, na mama akafungua ingawa alikuwa ameshafunga. Akatoa mikate 20, maziwa pakiti 24, sukari kilo 6, majani ya chai na vikombe vya kutupa. Jumla shilingi 4,850. Mimi mwenyewe nilimpigia simu nikamwambia, "Mama, andika, Jumatatu tunaleta." Tukavuka mwaka kwa shangwe, tukanywa chai ile, tukatabiriana mwaka wa kufunguliwa milango. Jumatatu ikapita. Ikapita nyingine. Tulikuwa mwezi wa saba Jumamosi hiyo nikiwa nimeketi kwake na Biblia magotini.

Kisha akaongeza jambo ambalo lilinimaliza. Mwezi wa tatu tulinunua kinanda kipya, na unakumbuka nilivyosimama madhabahuni nikamshukuru Mungu na kutaja bei, shilingi elfu 85, mkapiga makofi. Mama alikuwa dukani akihesabu maziwa. Alisikia bei. Alisikia makofi pia.

Nikafanya alichofanya Adamu pale bustanini: nikamtaja mtu mwingine. Nikasema, "Nitafuatilia na mweka hazina." Mama akacheka kidogo, si kwa ubaya. Shemasi akatazama dirisha. Yule binti akatazama sakafu, na hapo ndipo iliponiuma, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia atazame ninavyofanya. Tulipofika mlango wa nne nilimwambia, "Haya, anza wewe." Akaniambia, "Pasta, turudi tu."

Tukarudi.

Sasa hii ndiyo sehemu niliyotaka kuruka. Deni hilo sikuwa nimelisahau. Mweka hazina hakuwa na kosa, kwa sababu sikuwahi kumpelekea. Mwanzoni niliona ni kidogo, nikasema nitalipa kutoka mfukoni. Kisha Januari ikaja na karo, na unajua Januari ya Kenya ilivyo. Kufikia Februari nilianza kuona aibu, na mtu mwenye aibu hubadilisha njia. Kwa karibu miezi mitano nimekuwa nikienda kanisani kwa ile barabara ya nyuma, inayozunguka shule ya msingi, yenye matope. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kwa nini viatu vyangu huwa hivyo siku za Jumapili. Nikamwambia ni mvua.

Mpendwa, nimehubiri 1 Petro 3:15 mara nyingi, kwamba tuwe tayari kumjibu kila mtu anayetuuliza habari za tumaini tulilo nalo. Siku zote nimeihubiri kama amri ya kujifunza majibu. Nimewafundisha vijana maandiko ya kukariri, la kujibu hili na la kujibu lile. Usiku huo wa Jumamosi niliisoma tena nikaona kitu nilichokuwa nikikiruka: Petro anachukulia kwamba mtu ameuliza. Kuna jirani ameona maisha yako, yakamshangaza, akaja na swali. Na waliokuwa wakiandikiwa hawakuwa na spika. Walikuwa watu waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, wageni na wachache. Kitu pekee ambacho majirani zao wangeweza kukisikia kutoka mbali ni namna walivyouza, walivyonunua, na walivyoishi na wake na waume zao. Mimi miezi saba jirani yangu alikuwa na swali moja tu kwangu, na nilikuwa nikilikwepa kupitia matope.

Kuhusu spika niseme neno dogo kisha niliache. Kuna kanuni za kelele nchini tangu 2009, NEMA ndio wenye kuzisimamia, na kila zikitajwa sisi wachungaji huona ni vita dhidi ya Injili. Pengine mara nyingine ni vita. Mara nyingine ni mtoto wa jirani tu ana mtihani kesho.

Jumapili usiku nilimwambia mke wangu nitamtumia mama pesa kwa M-Pesa. Akaniambia, "Utume kwa simu ili usimwone uso? Nenda." Basi Jumatatu nikaenda, kwa miguu, kwa barabara ya mbele. Nilikuwa nimesoma Walawi 6, mahali Mungu anaposema mtu aliyemdhulumu mwenzake arudishe kitu chote na aongeze sehemu ya tano. Nikapiga hesabu: 4,850, sehemu yake ya tano ni 970, jumla 5,820. Nikajiona nimefanya jambo kubwa. Nilikuwa hata nimeandaa la kusema.

Mama akatoa daftari, lile la kurasa 96, limekunjika pembe. Akafungua ukurasa wetu. Juu ameandika KANISA, kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake. Hakuandika jina langu. Ukurasa uliotangulia ni wa mlinzi wa ploti fulani, anachukua maziwa na kulipa kila mwisho wa mwezi. Ulikuwa na mistari mingi iliyokatwa. Wetu haukuwa na mstari hata mmoja uliokatwa.

Nikampa pesa, nikamweleza habari ya sehemu ya tano. Akahesabu, akanyamaza, kisha akasema, "Pasta, asante. Lakini hiyo nyongeza haifiki."

Akanieleza. Januari anayemletea bidhaa alikataa kumpa kwa mkopo, akitaka alipwe kwanza. Ikabidi akope kwenye chama chao shilingi 4,850, kiasi kile kile alichokuwa anatudai, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na alikaa nalo miezi mitatu kabla ya kulipa. Hiyo ni riba ya 1,455. Kwa hiyo mkesha wetu ulikuwa umemgharimu, na nyongeza yangu ya kiroho ilikuwa imepungua kwa shilingi 485.

Nikasimama pale kaunta nikiwa nimepigwa na hesabu. Nilikuwa nimefika na sheria ya Walawi nikidhani nimezidisha, kumbe mtu niliyemkosea alikuwa na hesabu yake, na ndiyo iliyokuwa ya kweli. Hapo nikamwelewa Zakayo wa Luka 19. (Najua jina hilo siku hizi hapa Kenya lina kazi nyingine, tuliache hapo.) Zakayo hakusema sehemu ya tano. Alisema mara nne, na nusu ya mali kwa maskini. Nilizoea kufikiri alisema hivyo kwa furaha tu. Sasa nafikiri alikuwa mtoza ushuru, mtu wa vitabu, aliyejua vizuri deni linavyozaa ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Na angalia ni lini Bwana alitamka kwamba wokovu umefika nyumbani mle. Ni baada ya Zakayo kusimama na kutaja watu aliowanyang'anya.

Nikamtumia zile 485 kwa simu papo hapo. Simu yake ikalia. Akachukua kalamu nyekundu akakata ukurasa wote, kona hadi kona.

Kisha akaniuliza, "Lakini kwa nini ulirudi? Wengine huhamia duka lingine."

Hapo, mpendwa, ndipo lilipokuja lile swali la Petro. Ningekuambia nilitoa mahubiri makubwa, lakini sikuwa na kitu. Nilimwambia nimekuwa nikipita barabara ya nyuma tangu Februari kwa sababu yake. Nilimwambia namwogopa Mungu, na kwamba nilikuwa nimeanza kuwaogopa watu kuliko Yeye. Nilimwambia kama Yesu hakunilipia deni langu nisingekuwa na mahali pa kusimama, hata pale kaunta. Akasema, "Sawa, Pasta." Akaja mtoto akitaka sabuni ya unga ya shilingi kumi, akamhudumia. Mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa wewe. Nakuuliza kwa upendo, na najua ninaowauliza: jina lako limeandikwa kwenye daftari la nani? Simaanishi benki. Benki ina njia zake za kukutafuta. Namaanisha yule fundi aliyekushonea nguo ya harusi ya dada yako ukasema utapitia. Yule mtu wa boda boda anayekubeba mpaka getini kila Jumapili, ambaye unamwambia "nitakutumia" ukiwa tayari umeshika bahasha ya sadaka. Pesa iliyoingia kwa simu yako kimakosa, mwenyewe akapiga, ukaona nambari ngeni ukaacha ilie mpaka ikakatika, kisha ukatoa ushuhuda kwamba Mungu hufungua milango.

Na kuna huyu ambaye sitaki kumpita haraka: dada anayekusaidia kazi nyumbani. Nimekaa ofisini nikasikiliza mambo. Kuna nyumba zetu, za watu waliookoka, ambamo fungu la kumi hutolewa tarehe 1 na mshahara wa dada hutolewa tarehe 19, au hutolewa nusu, kwa sababu "yeye anakula hapa, hana haja." Huyo dada yuko na wewe wakati hatupo sisi. Anakusikia ukiomba saa kumi na moja alfajiri, na saa kumi na mbili anakusikia ukimwita. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo Bwana wa majeshi anazisikia. Ukimwalika kanisani, unadhani atamsikia nani, mimi au wewe?

Ninafikiri sana siku hizi juu ya nyanya yangu. Alikuwa mmoja wa wale waliookoka katika Uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda na kufika Kenya 1937 kupitia mkutano wa Kabete. Wale wazee walikuwa na mambo yao, wengine waliwaona wakali kupita kiasi, na mimi nikiwa kijana wa maombi ya usiku na magitaa niliwaona wamepoa. Lakini walijulikana kwa jambo moja: mtu akiokoka, alirudisha. Nyanya alitembea karibu siku nzima kurudisha jembe ambalo mwenyewe alikuwa ameshalisahau. Alituambia habari hiyo bila kuipamba, kama mtu anayesimulia alivyoenda sokoni. Ninachokumbuka zaidi ni alivyosema kwamba njiani alitamani sana amkose huyo mtu nyumbani. Wakati huo nilicheka. Jumatatu ile, kabla sijafika dukani, niliomba mama awe ameenda kununua bidhaa.

Jumapili iliyopita niliwaambia kanisa yote haya, wale mliokuwepo mnajua. Nilimwomba msamaha mweka hazina mbele yenu, kwa sababu nilimtaja bila kosa. Nilimwomba msamaha yule binti pia, lakini yeye nilimwomba faraghani pamoja na mama yake. Alisema atatoka tena, ila si kwenye kundi langu. Nimekubali. Na wazee wamepitisha kwamba kuanzia sasa hakuna kitu kitachukuliwa mahali popote kwa jina la kanisa bila pesa kuwa mkononi, hata kama chai imeisha usiku wa mkesha. Tutakunywa maji.

Jumamosi hii tunatoka tena. Safari hii tutakutana saa nne na si saa mbili, ili kila mmoja awe na saa mbili za kwenda mahali anapojua yeye mwenyewe kabla hatujashika trakti. Hatutaulizana ulikuwa wapi. Ukichelewa tutakungoja.

Mmeniuliza sana kama mama alikuja Jumapili. Hakuja. Jumapili asubuhi ndiyo saa yake ya kuuza mikate. Lakini nilipopita aliniita, akasema wiki hii tumepunguza spika kidogo, na kwamba hakusikia vizuri sehemu ya mwisho, nilisema nini.

Nilichelewa kwa ibada ya pili kwa dakika kumi. Sasa mnajua ni kwa nini.