Goma: Nguzo iliyopasuka haiponi kwa rangi

Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalipasua nyumba nyingi hapa Goma. Nikizunguka na kinasa sauti, niliona nyufa zikizibwa kwa simenti na kupakwa rangi. Hilo linanitia wasiwasi, maana familia zinazokimbia vita hulala ndani ya madarasa na makanisa.

Nguzo ya beto ikilemewa hutanuka ubavuni, kisha hupasuka. Japani, baada ya tetemeko la Kobe la 1995, nguzo nyingi zilifungwa vitambaa vya nyuzi za kaboni vyenye gundi ya plastiki. Gundi ikikauka, vinakuwa ganda gumu linalobana beto, wala halishiki kutu.

Kwetu ni bei kali. Lakini anayejenga amwambie masoni apange pete za chuma karibu-karibu ndani ya nguzo, nazo hubana. Na penye nguzo iliyopasuka, tusilaze watoto.