Nyongeza ya Ruaha Mbuyuni

Nilikuwa nimemaliza darasa la sita, na safari yangu ya kwanza ya mbali ilikuwa ya kutoka Morogoro kwenda Iringa kwa bibi. Mjomba ndiye aliyenipeleka. Mfukoni nilitia penseli na karatasi ya daftari, kwa sababu mafumbo ya uwiano yaliyonitoa jasho muhula mzima nilikuwa nimeyamudu wiki ya mwisho, na mtoto aliyejua baiskeli jana hataki tena kutembea kwa miguu. Mwalimu alitufundisha hivi: kilomita chini ya kilomita, dakika chini ya dakika. Ukivichanganya, umeliwa.

Basi liliondoka saa 2 kamili asubuhi. Nilikaa dirishani nikihesabu mawe ya kilomita, saa nikiichungulia mkononi mwa mjomba. Nilipotimiza la 50, zilikuwa zimepita dakika 45. Mjomba alisema mpaka Iringa ni kama kilomita 310. Nikaandika:

kilomita 50, dakika 45
kilomita 310, dakika ?

Nikazidisha 310 kwa 45, nikapata 13,950. Nikagawanya kwa 50: dakika 279, yaani saa 4 na dakika 39. Nikamtangazia mjomba kwamba tutaingia Iringa saa 6 na dakika 39 mchana.

"Hata hizo 39 unazo?" akauliza, akafumba macho.

Tulipoingia hifadhi ya Mikumi, dereva akapunguza mwendo, kwani barabara kuu inakatiza humo humo ndani na wanyama huvuka wanapotaka. Nyani walikaa kando ya lami kama wazee barazani. Penseli niliisahau kabisa. Kisha tukapita bonde la mibuyu, joto likazidi, mpaka basi liliposimama Ruaha Mbuyuni na madirisha yakajaa vitunguu.

Msichana wa umri wangu aliinua kifungu hadi usawa wa pua yangu. "Vinne mia tano!" Mjomba akataka vya elfu moja na mia tano. Nilikuwa bado natafuta penseli nipange shilingi chini ya shilingi, yeye tayari amemwaga 12 kwenye mfuko. Nikahakikisha: 1,500 mara 4, gawanya kwa 500. Kweli 12. Halafu akachukua kimoja zaidi, akakitupia humo. "Nyongeza," akasema, akakimbilia dirisha la pili.

Nikabaki na vitunguu 13 na jibu la 12.

Mlima Kitonga ndio uliovunja hesabu yangu. Mbele yetu lori lilikuwa likipanda kwa kunung'unika, na kwenye kona zile hakuna pa kulipita. Ilikuwa saa 7 sasa, muda wangu wa kufika umeshapita. Nikapima upya: dakika 10, kilomita 2. Zimebaki kama 70. Jibu likaja dakika 350! Nikamwamsha mjomba. "Mjomba, tutafika karibu saa 1 usiku!"

Alicheka mpaka abiria wa nyuma wakauliza kuna nini. "Fumbo lenu linasema lori litatangulia mpaka Iringa?"

Hapo nikakumbuka maneno ambayo mwalimu aliyaandika katika kila fumbo na mimi nikayaruka kila mara, kwa kuwa hayakuwa na tarakimu: *kwa mwendo ule ule*. Kule darasani, basi halikuwahi kukutana na nyani wala kupanda Kitonga.

Juu ya mlima tukalipita lori. Ilula ilikuwa na baridi na matenga ya nyanya, na saa 8 na nusu tukashuka Iringa. Nilimwamkia bibi, akaitikia huku mkono wake umeshaingia kwenye mfuko. Alivihesabu vitunguu kimoja kimoja juu ya ungo.

"Kumi na tatu," akasema. "Vya elfu na mia tano? Nyongeza moja tu? Mngeomba."